Kicheko cha Kanda ya Thelathini na Moja

Osmunda alipofariki, mwanawe mkubwa alinipigia simu kutoka Mbamba Bay akaniomba niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa kanisani. Alitaka niandike alikozaliwa, alivyojifunza cherehani kwa masista, ndoa yake, watoto wake wanne na jumuiya aliyosali. Kisha akasita, akashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikiwa na walio chumba cha pili, akaniambia, “Mama mdogo, ule mwaka wa televisheni uuruke.” Nikauruka. Wasifu ulisomwa vizuri, na kati ya aya ya ufundi cherehani na aya ya ndoa palikuwa na pengo ambalo mle kanisani kila mtu wa rika langu alilijua. Nyuma yangu nilimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, “Ndiye yule aliyecheka.” Imepita miaka zaidi ya ishirini na bado neno ni hilo hilo. Nilimtii mtoto kwa sababu ni mama yake aliyekuwa anazikwa. Lakini mwaka ule haukuwa wa Osmunda peke yake, ulikuwa wangu pia, na sehemu yangu sijawahi kumwambia mtu nje ya wale watatu waliohusika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri nafasi ya chuo, nimepanga chumba mjini Mbinga kwenye nyumba yenye ua mmoja na vyumba sita. Chumba changu na cha Osmunda vilitenganishwa na ukuta ambao haukufika darini, kwa hiyo mlio wa cherehani yake niliujua kuliko mlio wa saa. Alinizidi miaka minne, nami nilimwita dada. Tulipika pamoja kwenye jiko moja la mkaa, maharage kutwa nzima na ugali jioni, na akiwa na kazi nyingi nilimchambulia mboga huku yeye akikata vitambaa juu ya kitanda, maana meza ilikuwa ya cherehani. Alikuwa ameshaposwa. Mchumba wake aliitwa Otmar, mkulima wa kahawa wa Litembo, kijana mpole ambaye akija mjini alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani akila chakula chetu bila kusema lolote. Mama yake Otmar, Mama Kunigunda, alikuwa mgonjwa wa miguu. Kila mtu alijua kwamba Osmunda akishaolewa ndiye atakayemwogesha na kumpeleka hospitali. Osmunda hakuona tabu, alikuwa akimsifu yule mama hadi nikachoka kusikia.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na mizani zao wenyewe, na wazee wetu walijifunza upesi kutowaamini: walipima kwanza nyumbani, wakazunguka mizani ya mgeni, wakainama kutazama chini yake kama kuna kitu kimefungwa. Televisheni zilikuja kwa njia hiyo hiyo. Ukumbi mmoja karibu na stendi ulifunga dishi, ukaweka mabenchi, na mji mzima ukawa unakwenda kutazama. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeinama kutazama chini ya televisheni. Kilichoonekana pale kilikuwa kimeonekana, basi. Kwa hiyo siku yalipokuja magari mawili ya kampuni moja ya vipindi kutoka Dar es Salaam, yakatangaza kwamba wanatafuta watu wa kawaida, si wasanii wala warembo, wakakae siku arobaini ufukoni mwa Ziwa Nyasa wakijitegemea huku kamera zikiwatazama, vijana walipanga foleni hadi kwenye soko la ndizi. Kipindi kiliitwa Nani Abaki. Kila wiki watazamaji wangetuma ujumbe wa simu kuchagua wa kubaki, na mwenye kura chache kuliko wote angefunga mzigo.

Osmunda hakupanga foleni. Alikuwa barazani kwake na cherehani, watu wa kampuni wakapita, mmoja akiwa na shati lililofumuka kwapani, naye akamwambia avue, yeye alishone kwanza ndipo waendelee kutembea mjini. Walicheka, wakarudi na kamera, na kesho yake jina lake lilikuwa kwenye orodha ya washiriki kumi na wawili. Wengine walitoka mikoa mingine, isipokuwa Meshaki, mtumishi wa halmashauri yetu, Mnyiramba aliyehamishiwa Mbinga mwaka uliotangulia. Mimi niliajiriwa siku hiyo hiyo kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilielewa Kimatengo na Kinyasa. Otmar aliposikia aliuliza swali moja tu: hao watu wanatafuta nini kwake. Osmunda akamjibu kwamba hawatafuti kitu, wanataka kuona watu wanavyoishi. Nakumbuka nilimwona Otmar mshamba.

Kazi yangu ilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kambini, chumba chenye madirisha yaliyozibwa kwa blanketi ili mwanga usiingie kwenye skrini. Kulikuwa na joto la kuchemsha maji. Nje jenereta ililia kutwa, na upepo wa ziwani ulileta harufu ya usipa walioanikwa mchangani, wale dagaa wetu wadogo wa Nyasa, harufu ambayo wageni waliilalamikia kila mlo ingawa usipa wenyewe waliwala. Kila kanda ya video iliyotoka kambini niliitazama tangu mwanzo hadi mwisho, nikaandika: namba ya kanda, siku, dakika, nani anafanya nini, nani kasema nini. Kwanza niliandika kwenye daftari langu la rafu, kisha nikanakili safi kwenye kitabu kikubwa cha kampuni. Hivyo ndivyo nilivyojua mapema kwamba kujitegemea kwao kulikuwa na mipaka. Nyuma ya miamba kulikuwa na hema lenye wali, soda na dawa, na washiriki walikwenda huko kamera zikizimwa. Lilinishangaza siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nakula wali huo huo. Kabla ya kuanza tulikuwa tumesaini karatasi, sisi wafanyakazi, kwamba hatutazungumza na washiriki wala kumsimulia mtu yeyote tuliyoyaona.

Mkuu wetu aliitwa Bwana Raymond. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa maneno; alitusalimia wote kwa majina, aliwaamkia wazee wa kijiji Shikamoo bila kusahau hata mmoja, na aliponiona nachoka aliniletea chai yeye mwenyewe. Alikuwa ameniambia kwamba mtu mwenye kumbukumbu kama yangu angepata kazi Dar es Salaam bila shida. Mchana mmoja, baada ya wiki ya pili, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akizungumza na dada mmoja, mhariri wa kipindi. Walikuwa wanakula, nilisikia vijiko. Dada alisema mshonaji hana kitu, ni mwema mno, anapika, anaosha, anasali, watu watamsahau. Bwana Raymond akasema watu wa kawaida wote wana kitu, ni kukitafuta tu. Muda mfupi baadaye alinijia mlangoni, akiwa bado anatafuna, akaniuliza kama kuna mahali popote Osmunda anacheka peke yake, karibu na kamera, bila mtu mwingine kwenye picha.

Sikuuliza kwa nini. Nimejaribu miaka mingi kujikumbuka nikiuliza, na sijikumbuki. Ninachokumbuka ni fahari. Nilipekua kitabu, na kabla hajamaliza kumeza nilikuwa nimemjibu, “Kanda ya thelathini na moja, siku ya tisa, dakika ya kumi na mbili.” Akapiga kiganja chake mlangoni kwa furaha, akamwambia yule dada kwamba msichana huyu ni hazina. Nilibaki na uso wa moto kwa sifa hiyo hadi jioni.

Juma lililofuata walinipa mapumziko ya siku mbili, nikapanda gari la abiria kurudi Mbinga. Jumapili baada ya Misa ya pili niliwafuata watu waliokwenda ukumbini kutazama marudio ya kipindi cha jana yake. Kwa mara ya kwanza niliona kanda zangu zikiwa zimegeuzwa kipindi. Meshaki aliugua malaria. Jambo hilo lilikuwa la kweli, lilikuwa kwenye kanda ya ishirini na sita, siku ya saba: alitetemeka asubuhi, Osmunda akakaa naye akimkanda kwa kitambaa cha maji, na kabla ya saa sita gari lilimpeleka kituo cha afya, akarudi kesho yake na vidonge. Pale ukumbini, Meshaki alilala mchangani peke yake. Jua likapanda, likashuka, likapanda tena. Aliita maji. Kisha picha ikahamia kwa Osmunda, uso wake umejaa skrini, anacheka. Anacheka kwa muda mrefu, kichwa nyuma, meno yote nje, hadi anafuta machozi kwa kiganja. Halafu Meshaki tena, macho yamefumba.

Mabenchi yale yalikuwa na watu waliovaa nguo alizozishona. Mama mmoja, jirani yetu wa ua mmoja, aliyekuwa akiazima chumvi kwake kila juma, alisema polepole, “Kumbe ndivyo alivyo.” Nikatazama kulia na kushoto nikitafuta hata mtu mmoja mwenye shaka. Hao ndio watu waliokuwa wakiinama chini ya mizani. Nilitaka kusimama niseme kicheko kile ni cha siku nyingine, nikakumbuka karatasi niliyosaini, nikakumbuka kazi ya Dar es Salaam, na nikakaa.

Niliporudi ziwani nilimwendea Bwana Raymond, na kwa hilo tu ninajipongeza. Nilimwambia Osmunda hakumcheka mgonjwa. Hakukasirika. Alinivutia kiti, akaniuliza, “Winfrida, alicheka au hakucheka?”

Nikasema alicheka.

“Na Meshaki aliugua au hakuugua?”

Nikasema aliugua.

“Sasa uongo uko wapi?”

Nadhani ni kwa ajili ya swali hilo nilikwenda baadaye kuwa mwalimu, ili niwe na majibu. Akaniambia pia kwamba tangu kipindi kile kirushwe kura za Osmunda zimepanda kuliko za mtu yeyote, wengine wanamchukia na wengine wanafurahia kumchukia, wote wanataka abaki. Alisema hayo kama anayenipa habari njema ya ndugu yangu. Siku mbili baadaye nilipeleka kanda tupu kambini, Osmunda akanipita karibu akiwa na ndoo ya maji. Tulikatazwa kuzungumza, lakini mpiga picha alikuwa amegeuka. Akaniuliza bila kusimama, “Nyumbani wanasemaje?” Nikamwambia wanamsalimu sana, wanajivunia. Alitabasamu, akaendelea na ndoo yake. Alikuwa amekonda, na nywele alizosuka mwenyewe zilikuwa zimefumuka upande mmoja.

Alibaki hadi siku ya mwisho na kuwa wa tatu. Walimpa cherehani mpya yenye meza, wakamrudisha Mbinga kwa gari lao, na stendi ilijaa watu. Nilikuwepo, kazi yangu ilikuwa imekwisha juma hilo hilo. Alishuka akiwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akapunga mkono. Watu hawakumpigia makofi wala hawakumzomea, walimtazama tu. Mtu mmoja kati yao akasema kwa sauti, “Hebu cheka kidogo tuone,” na wengi wakaangua kicheko, na yeye, asiyejua lolote, akacheka nao. Hilo ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote.

Umaarufu wake ulikuwa wa namna hiyo. Wateja waliongezeka. Walikuja na sketi ya kupunguza upindo inchi moja, wakakaa saa nzima kumtazama mdomo. Wageni waliopita kwenda Songea waliomba kupiga naye picha, wakimkumbatia begani huku wakijitenga kiunoni. Wanawake wenye watoto wachanga waliwafunika khanga wakipita barazani kwake. Alipokwisha kuona kipindi kilichorudiwa, alielewa, na kwa siku kadhaa alimsimamisha kila aliyeingia akimweleza kwamba kicheko hakikuwa cha pale. Waliitikia kwa heshima. Nikiwa upande wa pili wa ukuta nilisikia wanavyoitikia, ile “ndiyo” ya kumwambia mtu asichoke bure, na baadaye nilisikia hata yeye akiacha kueleza. Meshaki naye, ambaye angeweza kumaliza mambo kwa sentensi moja, alikuwa amepata uhamisho kwenda Iringa, na kabla ya kuondoka alinunuliwa soda katika kila baa ya mji kwa sababu ya mateso aliyoyapata. Sikuwahi kujua kama kuna aliyemuuliza ukweli.

Kisha Otmar akaja na mjomba wake. Hawakukaa. Mjomba alisema Mama Kunigunda amesema hataki kuogeshwa na mtu anayecheka wagonjwa, na kwamba wao kama ukoo hawana neno baya, ila wanaomba mambo yasimame. Otmar alikuwa akitazama ile ndoo aliyozoea kukalia. Osmunda akawaambia amesikia. Walipotoka alirudi kwenye cherehani, na mlio wake haukukatika hadi jua lilipozama.

Kesho yake, bila kumwambia, nilichukua daftari langu la rafu nikaenda Litembo. Nilipanda lori la mbolea hadi njia panda, nikamalizia kwa miguu kwenye ngoro za mahindi, yale mashimo ya Wamatengo yanayofanya milima yetu ionekane kama imefinyangwa kwa mikono. Mama Kunigunda alikuwa barazani, miguu juu ya gunia. Nikamwamkia, akaitikia Marahaba, akaagiza niletewe togwa. Nilikunywa nusu kibuyu kabla ya kupata ujasiri. Kisha nikafungua daftari, nikamwomba Otmar asome kwa sauti, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Akasoma kanda ya ishirini na sita: Osmunda anamkanda Meshaki kwa kitambaa cha maji, gari linafika. Akasoma kanda ya thelathini na moja: Osmunda anaosha masufuria. Anacheka peke yake. Sababu haijulikani. Kati ya hayo mawili, siku mbili.

Mama Kunigunda alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa Kimatengo ni nani aliyeyaweka pamoja. Nikamwambia ni watu wa kipindi. Akaniuliza watu wa kipindi walijuaje kicheko kiliko, katika kanda zote hizo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lile sikuliandaa. Nikamwambia, “Ni mimi niliyewaonyesha, Mama.”

Otmar alifunga daftari. Yule mama alinitazama bila chuki, kama anavyotazamwa mnunuzi wa kahawa. “Jana mlinionyesha kwa picha nikaamini,” alisema. “Leo unanionyesha kwa karatasi, na ni wewe yule yule. Kesho utaleta nini?” Kisha akamwagiza Otmar anisindikize mapema nisikose gari. Tulipofika njia panda Otmar akaniuliza kama ninaweza kumwachia ile karatasi ya daftari. Nikaichana nikampa. Sijui aliifanyia nini. Mwaka uliofuata alioa binti wa kijiji cha jirani.

Nilirudi nikamkuta Osmunda anatia vifungo shati la shule. Pale mezani kwake palikuwa na barua yangu kutoka kwa Bwana Raymond, imeletwa na dereva wa basi: msimu wa pili unaanza, nafasi yangu ipo. Niliikunja bila kuimaliza, nikakaa kitandani na kumweleza yote, kuanzia swali la mlangoni hadi togwa ya Litembo. Nilimtajia hata dakika. Hakuinua uso. Aliendelea na kifungo, akakata uzi kwa meno, akachukua kingine. Nilipomaliza aliniuliza, “Uliandika nilikuwa nacheka nini?”

Nikasema niliandika sababu haijulikani.

“Mbuzi alipita,” alisema. “Nyuma ya yule mpiga picha.” Akaweka shati chini. Alinisimulia kwamba mara ya kwanza alipopelekwa Litembo kutambulishwa, jioni walipiga magoti kusali rozari, Mama Kunigunda akiongoza, amefumba macho. Mbuzi akaingia uani kula mahindi yaliyoanikwa. Yule mama, bila kufumbua macho wala kubadili sauti, akasema Salamu Maria umejaa neema, mtoeni huyo mbuzi, Bwana yu nawe. Na kwa kuwa alikuwa ametumia sauti ile ile ya sala, watu wote wakaitikia. Osmunda aliuma khanga hadi ikatoboka, kwa sababu mkwe hawezi kucheka siku ya kwanza. Alikitunza kile kicheko miezi mingi. Siku ile ziwani, mikono ikiwa kwenye masufuria, mbuzi akapita, na kikatoka chote.

Nikasimama. Nilimwambia ninarudi Litembo kesho, nitamweleza mama, yeye mwenyewe ataikumbuka ile rozari. Osmunda akatikisa kichwa. “Atasema tumekaa wawili tukatunga,” alisema. “Na mimi nikiwa yeye ningesema hivyo hivyo.” Sikwenda. Mama Kunigunda alifariki miaka mitatu baadaye bila kuambiwa. Barua ya Bwana Raymond sikuijibu, nikaenda chuo cha ualimu Songea. Osmunda aliuza ile cherehani ya zawadi, akabaki na ya zamani, akahamia Mbamba Bay ambako aliolewa na fundi wa boti, mwanamume asiyependa televisheni, na mimi nilimsimamia siku ya ndoa. Hakuwahi kunilaumu kwa neno, wala hakuwahi tena kunisimulia jambo lake bila kwanza kuniuliza nikitoka hapo nakwenda kwa nani.

Aliendelea kuwa mtu wa kucheka, wanawe wote wamechukua hilo kwake. Nilipomtembelea likizo tulikaa jikoni kwake tukichambua usipa na kupiga soga, na lilipokuja jambo la kuchekesha nilimwona likimpanda usoni. Lakini hakulitoa papo hapo. Aligeuza shingo akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akahakikisha tuko wawili tu, ndipo akacheka.